Kijana Anataka Kwenda Mombasa Kufanya Kazi kwa Kompyuta: Kikundi Kifanye Nini?



Hivi karibuni tuliketi chini ya mti na kikundi kimoja cha akina mama hapa Tarbaj. Neno lilikuwa moja tu. Kijana wa mmoja wao amemaliza chuo, naye anaomba mkopo wa kikundi anunue laptopu na apande basi hadi Mombasa. Huko atafanya kazi ya watu wa ng'ambo kwa mtandao, atakaa karibu na bahari kwa gharama ndogo, na kila mwezi atatuma pesa nyumbani. Wengine walisema, "Tumpe." Mama mmoja akauliza, "Na mbuzi zikiisha?" Siku hiyo hatukuwa na jibu. Tumeulizauliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kazi hii ni ya kweli?

Ndiyo, ni ya kweli. Mwenye kazi yuko Marekani au Uingereza, mfanyakazi yuko Kenya. Anaandika maneno yaliyorekodiwa, anatafsiri, anajibu wateja, au anatia alama kwenye picha ili mashine ijifunze. Kijana wetu ajuaye Kisomali, Kiswahili na Kiingereza ana kitu cha kuuza.

Mbona Mombasa?

Nyaya kubwa za intaneti zinazopita chini ya bahari zilifika nchi kavu Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ghali. Tena jamaa zetu wengi wako huko, na chumba kwa kawaida ni nafuu kuliko Nairobi.

Lakini tujiulize: mji rahisi ni rahisi kwa nani? Mwaka 2024 serikali ilianzisha kibali cha wageni wanaofanya kazi ya ng'ambo wakiwa hapa nchini. Mgeni huyo anakuja na mshahara wake tayari. Kwake Mombasa ni rahisi. Kijana wetu anafika bila mshahara, na kodi haingoji.

Gharama ambazo watu husahau

1. Mwenye nyumba hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana.
2. Maji ya mfereji hukatika mara kwa mara, na ya visima vingi yana chumvi. Basi maji ya kunywa hununuliwa kwa mitungi.
3. Stima hulipwa kabla ya kutumia, na ikipotea kazi inasimama. Laptopu yenye betri mbovu ni hasara.
4. Bando la intaneti ni la kila siku, kama unga.

Tuseme, kwa mfano tu, kijana anapata shilingi 18,000 kwa mwezi na anatumia 15,000. Anabaki na 3,000. Mkopo wa 45,000 utamchukua miezi 15 kuulipa, na hapo hajatuma hata senti moja nyumbani. Tena kazi hizi hazina mshahara wa uhakika. Mwezi huu ziko, mwezi ujao hakuna.

Kuna pia saa. New York ikiwa saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kijana atafanya kazi usiku na kulala mchana wa joto. Akiishi chumba kimoja na watoto wa mjomba, hatalala.

Jihadharini na matapeli

Anayedai pesa ili akupe kazi, huyo hana kazi. Wengine hukodisha akaunti zao. Kijana anafanya kazi, mwenye akaunti anabadilisha nywila, na pesa zote zinabaki kwake. Akaunti iwe kwa jina la kijana mwenyewe, na kwa hilo anahitaji kitambulisho. Kwa hivyo kitambulisho kwanza, safari baadaye.

Ushauri wetu

Kwanza, ajifunze bila kulipa. Mpango wa serikali wa Ajira Digital hufundisha bure.

Pili, ajaribu karibu kabla ya mbali. Afanye kazi miezi mitatu akiwa Wajir mjini, mahali penye mtandao. Akipata pesa hapo, hata kidogo, aonyeshe kikundi rekodi za malipo. Asipopata kitu Wajir, bahari haitampa kazi.

Tatu, kikundi kikubali kukopesha, lakini kwa maandishi, na wazazi wawepo. Laptopu ibaki mali ya kikundi mpaka deni liishe. Msiuze mbuzi jike wa mwisho. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulitufundisha jinsi zizi linavyochukua muda kujaa tena.

Yule mama aliyeuliza juu ya mbuzi hakuwa anamzuia kijana. Alikuwa anataka kijana aende akiwa na njia ya kurudi. Nasi tunasema hivyo hivyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kijana wetu ameshapata malipo yoyote kwa kazi hii?
2. Asipolipa miezi mitatu, kikundi kitaendelea vipi?
3. Binti akiomba mkopo huo huo, tutampa jibu lile lile?

Jadilianeni, kisha mtuletee majibu yenu tuwashirikishe wenzetu.