Beetle Imefungwa Injini Upya, Mbona Haiwaki?

Injini imefumuliwa hadi nati ya mwisho. Ringi na beringi ni mpya, gasketi zimebadilishwa, mpaka rangi imepigwa. Mwenye gari anapiga stata, injini inazunguka vizuri, ila haishiki. Mara kabureta inatema moto, kisha kimya. Hapo ndipo pesa zinapoanza kuteketea: leo koili mpya, kesho kabureta ya kuazima, keshokutwa betri.

Wapenzi wa Volkswagen Beetle wanalijua vizuri balaa hili. Beetle, iliyoshinda mbio za East African Safari mwaka 1962 na ambayo ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, haina rejeta, na zile za kabureta hazina kompyuta. Inachodai ni petroli, mbano wa kutosha ndani ya silinda, na cheche inayopiga kwa wakati wake. Injini iliyokuwa ikiwaka kabla ya kufumuliwa, kwa kawaida haikuharibikia mezani kwa fundi. Kuna kitu kimerudishwa sivyo, na cha kushukiwa kwanza ni taimingi ya cheche.

Sababu yenyewe ni hii. Kila silinda ikitoa kazi mara moja, krenkishafti huwa imezunguka mara mbili. Kwa hiyo pistoni hufika juu mara mbili: mara ya kwanza ikiwa imebana mchanganyiko wa hewa na petroli, mara ya pili ikimalizia kusukuma moshi nje. Alama ya kwenye puli husimama palepale mara zote mbili! Fundi akiitazama alama peke yake, anaweza kupanga cheche ipige wakati valvu ya kuingiza hewa inaanza kufunguka. Moto hurudi kwenye kabureta.

Kuhakikisha hakuhitaji mashine. Chomoa plagi ya silinda namba 1, ambayo kwenye Beetle iko upande wa kulia, ile iliyo karibu zaidi na viti (injini iko nyuma, na wengi huchanganyikiwa hapo). Ziba tundu kwa kidole, zungusha puli kwa spana, polepole. Kidole kikianza kusukumwa na upepo, pistoni inapanda ikibana. Endelea hadi alama ya puli ikutane na mstari unaounganisha vipande viwili vya bloku. Sasa fungua kifuniko cha distribyuta: rota inatakiwa iangalie mkato mdogo uliochongwa ukingoni. Kuanzia hapo nyaya hupangwa 1-4-3-2, kufuata mwendo wa saa.

Ikiwa rota imeangalia upande wa pili kabisa, usihangaike kuigeuza distribyuta, kwa kuwa meno yake ya chini huingia kwa namna moja tu. Kilichogeuzwa ni shafti fupi inayoiendesha. Kwa kujaribu, hamisha nyaya zote nne nusu duara. Gari likiwaka, mchawi amepatikana. Kuitoa shafti yenyewe kunataka utulivu, maana chini yake kuna washa, na ikidondokea ndani inaweza kukulazimisha kufumua upya.

Kama cheche iko sawa, tazama mengine haraka: pointi ziachane milimita 0.4, na valvu ziwe na nafasi ya milimita 0.15 injini ikiwa baridi, kwa sababu valvu isiyofunga sawasawa hupoteza mbano. Stata ikizunguka kwa uvivu, tafuta waya wa ethi unaounganisha gia boksi na bodi. Husahaulika sana baada ya rangi. Kabureta iliyokauka nayo huchukua muda kujazwa na pampu.

Baya kuliko yote ni gia ya kamshafti kufungwa ikiwa imeruka jino. Bloku ya Beetle ni nusu mbili zinazoikumbatia krenkishafti, hivyo kosa hilo halirekebishwi bila kuipasua injini yote.

Jambo moja hutangulia: chomoa plagi zote na upige stata hadi taa ya oili izime, ili beringi mpya zisizunguke kavu. Na mwenye gari akiambiwa akanunue koili, kwanza amwombe fundi amwonyeshe rota na alama ya puli. Ukaguzi huo hauna gharama.