Alikuwa na aibu ya kunyoosha mkono: Jinsi mikutano isiyo rasmi ilivyomtoa Steve Wozniak

Ukitaka kuelewa kwa nini vijana wa teknolojia hukutana jioni baada ya kazi kuonyeshana vitu ambavyo hata havijakamilika, anza na Steve Wozniak.

Mwaka 1975, kabla ya Apple kuwepo, Wozniak alikuwa mhandisi wa miaka 24 katika kampuni ya Hewlett-Packard, akibuni vikokotoo. Kipaji alikuwa nacho. Tatizo lake ni lile ambalo madevelopa wengi wanalifahamu: aibu. Kusimama mbele za watu na kuzungumza ulikuwa mtihani mzito kwake.

Kilichomsaidia ni mikutano ya wazi, isiyo na kadi ya mwaliko, meza kuu wala mgeni rasmi.

Siku ya kwanza alijiona amepotea

Tarehe 5 Machi 1975, watu takriban 30 walikusanyika kwenye gereji ya nyumbani kwa Gordon French, huko Menlo Park, California. Huo ndio ulikuwa mkutano wa kwanza wa Homebrew Computer Club, klabu ya watu waliotaka kujiundia kompyuta wakati ambapo mashine hizo zilikuwa mali ya makampuni, vyuo na serikali.

Wozniak alikwenda akidhani mazungumzo yatahusu vifaa vya kuunganisha kibodi na televisheni, jambo alilolijua vizuri. Kufika pale, gumzo lote ni Altair 8800, kompyuta ya kujiundia iliyokuwa imeingia sokoni muda mfupi uliopita. Yeye hakuwa akiifuatilia. Miaka mingi baadaye alisimulia kwamba alijiona yuko mahali pasipomfaa.

Lakini aliondoka na karatasi za maelezo ya kiufundi ya prosesa ndogo. Alipozisoma nyumbani aligundua kuwa mambo yale hayakuwa mageni. Tangu akiwa sekondari alikuwa akichora kompyuta kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba sasa kazi kubwa ya mashine ilikuwa imeingia ndani ya chipu moja. Usiku uleule akaanza kuiona kompyuta yake kichwani.

Kwa hiyo ukienda kwenye mkutano wa kwanza na usielewe nusu ya yanayosemwa, usijali sana. Jambo moja tu ukirudi nalo nyumbani linaweza kutosha.

Aliwasilisha bila kupanda jukwaani

Klabu ilikua haraka, ikahamia kwenye ukumbi wa SLAC, maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Stanford. Wanachama walikutana kila baada ya wiki mbili, na Lee Felsenstein ndiye aliyeongoza vikao.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kwanza, yeyote aliyetaka alinyoosha mkono na kusema ana nini, au anatafuta nini. Kisha kikao kilivunjwa, watu wakatafutana wenyewe kwa wenyewe.

Wozniak alikaa nyuma na hakunyoosha mkono. Alichofanya ni kuja na televisheni na bodi yake, kuviweka mezani baada ya kikao na kusubiri. Watu walimzunguka, maswali yakaanza, na ulimi wake ukafunguka. Kujibu swali kuhusu kitu ulichokiunda kwa mikono yako ni rahisi kuliko kutoa hotuba.

Alifanya na jambo jingine ambalo leo lingewashangaza wengi: aligawa nakala za michoro ya saketi zake bure, ili wengine nao wajiundie.

Meza ile ikazaa Apple

Rafiki yake, Steve Jobs, aliona kitu. Watu walichukua michoro, ila wengi hawakuwa na muda wala ujuzi wa kuunda mashine yenyewe. Akashauri wauze bodi zilizo tayari. Apple ikaanzishwa tarehe 1 Aprili 1976.

Mteja mkubwa wa kwanza alipatikana kupitia klabu hiyohiyo. Paul Terrell, mwenye duka la kompyuta la Byte Shop, aliagiza mashine 50 kwa dola 500 kila moja, kwa sharti kwamba ziwe zimeshaunganishwa. Dukani, Apple I iliuzwa kwa dola 666.66.

Je, kila kitu kigawiwe bure?

Hapa ndipo penye utata. Katika klabu hiyohiyo, wanachama walinakili na kugawana kanda yenye programu ya BASIC ya Altair, iliyotengenezwa na kampuni changa ya Microsoft.

Februari 1976, Bill Gates, akiwa na miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi. Alilalamika kuwa wengi wao wanatumia programu bila kulipa. Kwa hesabu yake, malipo waliyopata yalikuwa sawa na chini ya dola 2 kwa kila saa waliyofanya kazi.

Tofauti iko wazi: Wozniak aligawa cha kwake kwa hiari, lakini cha Gates kiligawiwa bila ridhaa yake. Ugomvi kuhusu programu huria na programu za kulipia umeendelea hadi leo.

Kutoka gereji hadi BarCamp

Homebrew ilifanya kikao cha mwisho Desemba 1986, lakini wazo halikufa. Agosti 2005, huko Palo Alto, California, ilifanyika BarCamp ya kwanza. Ilikuwa jibu kwa Foo Camp, mkusanyiko wa Tim O'Reilly ambao ulihudhuriwa na walioalikwa tu. BarCamp ikasema: yeyote aje.

Ratiba haiandaliwi mapema. Washiriki wanaandika mada zao ubaoni asubuhi. Na kuna kanuni inayowatoa wengi jasho: kama ni mara yako ya kwanza, nawe unatakiwa kuwasilisha.

Utaratibu huu ulifika Afrika Mashariki. Kwenye BarCamp Nairobi ya mwaka 2008, washiriki walijadili haja ya kuwa na mahali pao pa kukutania. Machi 2010, iHub ikafunguliwa kwenye barabara ya Ngong, Nairobi, Erik Hersman wa Ushahidi akiwa mstari wa mbele. Kwa maneno mengine, maongezi ya kikao kisicho rasmi yaligeuka kuwa jengo lenye mlango na watu ndani.

Ukitaka kuwasilisha kwa mara ya kwanza

• Onyesha kitu kinachofanya kazi. Hata kama ni kidogo na kina kasoro, kinavuta watu kuliko slaidi 40.

• Chagua jambo moja. Mikutano mingi ina nafasi za dakika tano tu. Eleza tatizo moja na ulivyolitatua, basi.

• Jiandae kwa intaneti kukatika. Rekodi video fupi ya programu yako ikifanya kazi, uihifadhi kwenye laptopu. Beba pia adapta ya projekta.

• Ficha nywila. Funga barua pepe na faili zenye siri kabla skrini yako haijaonekana ukutani.

• Usikimbie baada ya kumaliza. Baki karibu na mashine yako. Mara nyingi mteja, mwajiri au mshirika huja pale, watu wakiwa wamesimama na soda mkononi.

• Amua mapema unagawa nini. Kama msimbo ni wako na unataka utumike bure, weka leseni inayosema hivyo. Kama ni wa mwajiri wako, omba ruhusa kwanza. Ukishauonyesha ukumbi mzima, huwezi tena kuurudisha mfukoni.