Bouaké: mji uliokuwa makao ya waasi umepokea wageni wa kabumbu

Tarehe 7 Februari 2024 kule Abidjan, wakati wimbo wa taifa ulipokuwa ukiimbwa, wachezaji wa Chui wa RDC waliziba mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole kichwani kama bunduki. Walitaka dunia iangalie mashariki mwa Congo. Siku hizo hizo vita ilikuwa karibu na Sake, na watu walikuwa wakikimbilia Goma. Chui walipoteza mchezo ule wa nusu fainali ya CAN, 1-0, mbele ya wenyeji Côte d'Ivoire.

Siku nne kabla, wenyeji hao walikuwa wamecheza robo fainali yao Bouaké. Ni mji ambao mtu wa Kivu akiutembelea anaweza kujiuliza maswali mengi, kwa sababu uliwahi kuwa makao makuu ya uasi, na inchi ilikuwa imekatwa vipande viwili.

Pikipiki, soko na attiéké

Bouaké iko katikati ya inchi, kilometa karibu 350 kaskazini mwa Abidjan. Msafiri wa barabara anapita Yamoussoukro, penye basilika kubwa ya Bikira Maria wa Amani, ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliibariki mwaka 1990. Reli ya wakoloni ilifika Bouaké mwaka 1912, na tangu hapo mji ukawa wa biashara: pamba, vitambaa, na mazao yanayopita kuelekea Mali na Burkina Faso.

Mgeni kutoka Butembo, Goma au Bukavu hawezi kujisikia mbali sana na kwao. Pikipiki za kubeba abiria zimejaa barabarani. Zilienea wakati wa vita, usafiri wa kawaida uliposimama na vijana wakakosa kazi. Sokoni lugha inayounganisha watu ni Kidioula, kama Kiswahili kwetu, hata kama wenye ardhi ni Wabaoulé. Kwenye sahani kuna foutou ya viazi vikuu, kuku wa kedjenou anayepikwa polepole ndani ya chungu kilichofungwa, na attiéké: muhogo unaokunwa, unachachushwa, kisha unapikwa kwa mvuke mpaka unakuwa chembechembe. Unaliwa na samaki, pilipili na kitunguu.

Miaka ya benki kufungwa

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Septemba 2002, askari walijaribu kupindua serikali ya Rais Laurent Gbagbo. Walishindwa Abidjan, lakini wakashika kaskazini yote, na Bouaké ikawa makao yao. Watumishi wengi wa serikali walikimbilia kusini. Chuo kikuu kilihamishiwa Abidjan. Benki zilifunga milango. Katikati ya inchi, askari wa Ufaransa na wa Umoja wa Mataifa walilinda ukanda uliotenganisha pande mbili. Novemba 2004, ndege za serikali zilipiga kambi ya Wafaransa ndani ya Bouaké na kuua askari wao 9.

Wakaaji wa Goma na Bukavu, walioona benki zikifungwa mwanzoni mwa 2025, hawahitaji kuelezwa sana maisha hayo: mtu ana makuta yake kwenye akaunti lakini hawezi kuyagusa, na mwanafunzi hajui atamalizia masomo wapi.

Uwanja wa Amani

Uwanja wa Bouaké unaitwa Stade de la Paix, yaani Uwanja wa Amani. Uwanja ulijengwa kwa ajili ya CAN ya 1984.

Oktoba 2005, Côte d'Ivoire ilipofuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia, Didier Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera na kuomba silaha ziwekwe chini. Machi 2007 Drogba alikwenda Bouaké, akaahidi kwamba timu ya taifa itacheza huko. Tarehe 3 Juni 2007 ilicheza kweli, ikafunga Madagascar 5-0. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Julai, Gbagbo na kiongozi wa waasi Guillaume Soro walichoma silaha mbele ya watu katika uwanja huo huo.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba kabumbu ilimaliza vita. Tarehe zinasema jambo lingine. Mkataba wa Ouagadougou ulitiwa sahihi tarehe 4 Machi 2007, miezi mitatu kabla ya mchezo na Madagascar, na Soro akawa waziri mkuu mwezi huo huo. Na hata baada ya silaha kuchomwa, uchaguzi wa 2010 ulileta vita nyingine iliyoua watu zaidi ya 3,000. Mwaka 2017, askari waliotoka katika uasi walianzisha maasi ndani ya Bouaké wakidai malipo yao.

Kilichorudisha mji ni kazi ya polepole: maofisa kurudi, chuo kikuu kufungua tena, benki kuwasha taa, barabara kutengenezwa. CAN ilikuja mwishoni, ikakuta uwanja umekarabatiwa na kuwa na nafasi 40,000. Hapo ndipo Mauritania ilishinda mchezo wake wa kwanza kabisa katika CAN, 1-0 dhidi ya Algeria. Na tarehe 3 Februari, wenyeji wakiwa wachezaji kumi, walisawazisha dakika ya 90 na kuifunga Mali 2-1 mwishoni mwa muda wa nyongeza. Walioshangilia usiku ule walitoka kusini na kaskazini, na hakuna aliyepita kizuizi cha waasi ili kufika uwanjani.

Kati ya Septemba 2002 na usiku huo ilipita miaka zaidi ya 21. Mtoto aliyezaliwa siku ya uasi alikuwa mtu mzima.

RDC haijawahi kuandaa CAN. Lakini Goma ina Stade de l'Unité, Uwanja wa Umoja, na Bukavu ina Stade de la Concorde, Uwanja wa Mapatano. Majina tunayo. Bouaké inaonyesha kwamba mji uliotengwa na inchi yake unaweza kupokea wageni tena, mradi viongozi watie sahihi kwanza, kisha wafanye kazi ambayo hakuna kamera inayoifuata.