Mtaalamu wa Kujitolea Aache Ujuzi Kijijini

Ndugu wanavikundi, wengi mnauliza habari za wataalamu wa kujitolea kutoka ng'ambo. VSO ilianza Uingereza mwaka 1958, ikituma vijana waliotoka shule tu. Baadaye ikageukia watu wenye ujuzi: walimu, wauguzi, mafundi. Peace Corps ya Marekani ilianza mwaka 1961. Mtu wake kwa kawaida hukaa miaka miwili, halafu anarudi kwao.

Hapo ndipo penye taabu. Pampu ikikwama baada ya yeye kwenda, nani ataifungua?

Basi kabla ya kuandika barua ya maombi, kaeni mkutano mkubaliane:

1. Ni kazi gani hasa? "Tunaomba msaada" haitoshi. Andikeni, "Tunataka fundi wa kutufundisha kutengeneza pampu."

2. Nani atajifunza kwake? Chagueni watu wawili, mmoja awe mama mwenye boma hapa, maana vijana huhamia mjini.

3. Spana na vipuri vitanunuliwa na mfuko gani?

Tena ulizeni parokiani: pengine fundi mstaafu yupo hapa hapa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akiondoka na ujuzi wake wote, mwenyeji amepona nini?