Ya Mia Tano Haifiki Tena: Soma Bei ya Petroli Kwenye Simu Yako

Simama kwenye kituo chochote cha mafuta saa kumi na mbili asubuhi na utasikia maneno yale yale. "Boss, ya ngapi leo?" "Weka ya mia tano." "Mimi weka ya thao, halafu uniangalizie upepo." Ni nadra umsikie mtu akisema, "Niwekee lita tatu." Na "jaza tanki" ni maneno ya siku ya kwenda ushago, tena kama mwezi umeanza vizuri.

Wengi wetu tunanunua mafuta kwa shilingi, na si ajabu, kwa sababu shilingi ndiyo tunayoihesabu. Lakini gari haliendi kwa shilingi, linaenda kwa lita. Hapo ndipo bei inapotupiga chenga. Ukilipa mia tano leo na mia tano mwezi ujao, ujumbe wa malipo kwenye simu yako utakuwa ule ule, 500. Pochi haihisi kitu siku hiyo. Anayehisi ni gari, pale taa ya mafuta inapowaka Jumatano badala ya Ijumaa, ukiwa katikati ya jam ya Lang'ata Road. Unaongeza mia tatu. Ijumaa unaongeza mia mbili nyingine. Mwisho wa mwezi unajiuliza pesa zimeenda wapi, na hukumbuki siku yoyote uliyotumia pesa nyingi.

Zimeenda kidogo kidogo. Na habari njema ni kwamba simu yako inakumbuka zote.

Mia tano moja, safari mbili tofauti

Tuchukue mfano. Mtu anaishi Rongai, anafanya kazi Upper Hill. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita 40, na gari lake dogo linakula lita moja kwa kila kilomita 12.

Kati ya tarehe 15 Mei na 14 Juni 2022, lita ya petroli Nairobi iliuzwa shilingi 150.12. Mia tano ilikuwa inampa lita 3.33. Hizo ni kilomita 40 kamili. Anaenda kazini, anarudi, anaegesha.

Ikaja Oktoba 2023, bei ikafika shilingi 217.36. Mia tano ile ile ikawa lita 2.30, yaani kilomita 27 na kidogo. Anafika kazini vizuri, lakini jioni mafuta yanaisha akiwa bado njiani, hata nusu ya safari ya kurudi hajamaliza. Lita moja nzima imetoka kwenye mia tano yake, na ujumbe kwenye simu bado unasema 500.

Kwa siku 22 za kazi, safari hizo zilimgharimu kama shilingi 11,000 kwa bei ya Mei 2022. Kwa bei ya Oktoba 2023 ni karibu 15,940. Tofauti ni zaidi ya 4,900 kwa mwezi, na hajaongeza hata safari moja ya kanisani au sokoni. Kwa nyumba nyingi hiyo ni unga, mafuta ya kupikia na tokeni za stima.

Baadaye bei ilishuka. Novemba 2025 ilikuwa shilingi 184.52 hapa Nairobi, na safari zile zile zikawa kama 13,500. Ni nafuu, lakini bado ni 2,500 zaidi ya mwaka 2022. Ndiyo maana hata watu wakiambiwa bei imeshuka, mfukoni hawaioni.

Kwa nini kila tarehe 14 tunashika simu

EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, hutangaza bei za juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi. Bei hizo huanza usiku huo na kudumu hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kituo kinaweza kuuza chini ya bei hiyo, lakini hakiruhusiwi kuipita. Tena kila mji una bei yake. Mombasa huwa nafuu kuliko Nairobi kwa sababu meli zinashusha mafuta pale, na Mandera huwa ghali kwa sababu ya umbali.

Kinachosukuma bei si kitu kimoja. Kuna bei ya mafuta yenyewe duniani. Kuna dola, kwa sababu mafuta hununuliwa kwa dola: Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Halafu kuna kodi. VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na ushuru wa kutunza barabara ukapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024.

Hayo yote huna uwezo nayo. Tabia yako barabarani unaiweza.

Tabia zilizobadilika, nzuri na mbaya

Bei ikipanda, watu hawaachi kusafiri. Wanabadilisha namna ya kusafiri. Wapo wanaotoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja na nusu ili wasikwame. Hiyo inalipa, kwa sababu gari dogo likiwa limewashwa na halitembei linaweza kula nusu lita au zaidi kwa saa moja. Ni pesa inayochomeka huku unasikiliza redio.

Wapo wanaobeba majirani watatu na kugawana mafuta. Wapo wanaoacha gari nyumbani siku mbili kwa wiki na kupanda matatu. Kabla ya kuiga, piga hesabu yako mwenyewe: mafuta ya siku pamoja na parking, halafu nauli ya kwenda na kurudi. Kwa aliye peke yake kwenye gari, mara nyingi matatu inashinda. Mkiwa watatu, gari linaanza kushinda.

Kuna mambo madogo ambayo hayagharimu kitu. Upepo wa tairi ukipungua, injini inafanya kazi zaidi. Mzigo unaokaa kwenye buti tangu Desemba unakula mafuta kila siku. Kukanyaga mafuta kwa nguvu ili ufike haraka kwenye taa nyekundu ni kulipia breki.

Halafu kuna tabia za hatari. Ya kwanza ni kuzima injini kwenye mteremko. Kwa gari, ukizima injini usukani unakuwa mzito na breki zinakosa nguvu ya kusaidiwa. Kwa pikipiki, unapoteza msaada wa injini kupunguza mwendo, na kwa nyingine hata taa inazima. Na kuweka gia huru kwenye mteremko hakuokoi unavyofikiri. Magari mengi ya sasa, ukiacha gia na kutoa mguu kwenye mafuta, hukata yenyewe petroli inayoingia kwenye injini. Kwenye gia huru injini inaendelea kunywa ili isizime.

Ya pili ni kujaza mitungi ya plastiki usiku wa tarehe 14 na kuiweka chini ya kitanda au kwenye stoo jikoni. Hata kama bei itapanda shilingi tano, mtungi wa lita 20 unakuokolea shilingi 100. Mia moja kwa nyumba yenye watoto na jiko la gesi? Hapana, rafiki yangu.

Ya tatu ni kununua ya chupa kando ya barabara kwa sababu ni nafuu. Hujui kimechanganywa nini. Ukiharibu pampu ya gari, fundi atakula akiba ya mwaka mzima.

Wa boda anaumia mara mbili

Mwenye gari anaweza kuliacha nyumbani. Mwendesha boda hawezi, pikipiki ndiyo kazi. Tena bei ya mafuta inapanda usiku mmoja, lakini nauli haipandi usiku huo. Mteja wa kutoka steji hadi sokoni amezoea hamsini, na ukimwambia sabini anaita wa pembeni.

Ndiyo maana bei ikiwa juu utaona pikipiki nyingi zimetulia stejini. Zamani mtu alikuwa anazunguka akitafuta abiria, sasa anasubiri. Ni akili nzuri. Pikipiki inayoenda kilomita 40 kwa lita ilikuwa inapata kilomita 133 kwa mia tano ya Mei 2022. Kwa bei ya Oktoba 2023 ni 92. Zile kilomita 41 zilizopotea ndizo zilikuwa za kuzunguka na za faida.

Kama uko kwenye biashara hii, jaribu kitu kimoja kwa wiki moja tu. Pokea nauli kwenye simu kadiri unavyoweza, na kila mara mteja akilipa, hamisha sehemu ya mafuta kwenye mfuko wa akiba papo hapo. Ukijua siku yako inakula mafuta ya 500 na inaingiza 1,500, basi katika kila 150 unayolipwa, 50 si yako. Ni ya pampu. Kinachobaki ndicho mshahara. Wengi wetu hufanya kinyume: tunakula kwanza, halafu asubuhi tunatafuta ya mafuta.

Asubuhi ya kukopa mafuta

Hapa tuseme ukweli, ingawa sisi ni watu wa malipo ya simu. Kukopa mia tano alfajiri ili uweke mafuta na ulipe jioni kunaweza kukuokoa siku moja mbaya. Mteja mgonjwa, mvua ya siku nzima, mtoto amefukuzwa karo: haya hutokea. Lakini ukikopa mafuta kila asubuhi, ada ya mkopo imekuwa sehemu ya bei ya petroli yako. Ukilipa ada ya shilingi 20 kwa mkopo wa mia tano ulionunua lita 2.7, umejiongezea zaidi ya shilingi 7 kwa kila lita. Bei ikipanda shilingi 7 tunalalamika wiki nzima. Hii ya kujiongezea wenyewe hatuioni.

Fungua simu yako uhesabu umekopa mara ngapi mwezi huu siku ambayo pia umelipa kituo cha mafuta. Ikiwa ni zaidi ya mara nne au tano, shida yako si dharura tena. Weka kando mafuta ya siku moja, hata kwa kuokota hamsini hamsini kwa siku kumi. Baada ya hapo utakuwa unanunua mafuta ya kesho kwa pesa ya leo, na mkopo utabaki kuwa wa siku mbaya kweli.

Hesabu ya dakika kumi

1. Omba taarifa ya matumizi yako ya mwezi uliopita kwenye simu.
2. Tafuta malipo yote ya vituo vya mafuta na uyajumlishe. Usiache zile za mia mbili. Hizo ndizo zinazojificha.
3. Gawanya jumla kwa bei ya lita ya mwezi huo mjini kwako. Umepata lita zako.
4. Siku unayoanza mwezi, piga picha dashibodi ionyeshe kilomita. Piga tena mwisho wa mwezi. Gawanya kilomita kwa lita.

Sasa una namba yako: kilomita ngapi kwa lita. Namba hiyo ikishuka na njia zako ni zile zile, si EPRA. Ni tairi, ni plagi, ni jam, au kuna mtu anaendesha gari lako usiyemjua. Na bei mpya ikitangazwa, zidisha tu lita zako kwa bei hiyo, na utajua tarehe 14 yenyewe mwezi ujao utataka shilingi ngapi zaidi. Huo ndio wakati wa kuamua siku za matatu. Ukingoja taa iwake, umechelewa.

Ukiwa kwenye pampu

Hakikisha pampu inaanza sifuri kabla mafuta hayajaanza kutoka. Lipa ukiwa umesogea kando ya pampu, si huku mafuta yanamiminika. Soma jina la kituo kwenye skrini kabla ya kuweka PIN, na usimpe mhudumu simu akuwekee, hata kama mnajuana miaka mingi. Ukikosea kiasi, ongea na kituo hapo hapo ujumbe ukiwa bado mkononi. Na mtu akikupigia baadaye akidai umelipa zaidi na anataka "kukurudishia" kwa kutumia PIN yako, kata simu.

Asubuhi ya kesho, ukisimama pale kituoni, jaribu kubadilisha swali moja. Weka ya mia tano kama kawaida, lakini kabla hujaondoka angalia upande wa pili wa pampu, ule unaoonyesha lita. Iandike hiyo namba. Shilingi inakwambia umetoa nini. Lita inakwambia kama utafika nyumbani.