Kijana Mwenye Hemofilia: Kazi, Dawa na Ndoa



Ndugu msomaji, katika maeneo yetu ya Lulindi, Masasi na Newala, maradhi ya hemofilia huweza kujulikana kwa mara ya kwanza jandoni. Watoto hutahiriwa pamoja, wenzake wakapona, yeye damu haikatiki. Hapo huanza maneno ya uchawi na kuvunja mwiko. La hasha! Haya ni maradhi ya kuzaliwa nayo.

Ni maradhi gani?
Ili damu igande zinahitajika protini maalumu. Mwenye hemofilia A amepungukiwa protini namba 8, mwenye hemofilia B namba 9. Hemofilia A humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto 5,000 wa kiume. Hatari kubwa iko ndani ya mwili: damu huvujia magotini na viwikoni, na ikijirudia kiungo hukakamaa. Ikivujia kichwani inaweza kuua.

Utotoni mama ndiye mlinzi. Kijana akianza kujitegemea hukutana na mitihani mitatu.

1. Kazi
Kwetu kazi ni jembe, panga la kupogolea mikorosho na bodaboda. Kijana akikaa barazani kwa goti bovu, huitwa mvivu. Akijikaza, hurudi goti limejaa damu. Wazazi, msomesheni mapema au mpeni ujuzi kama ushonaji, biashara ya duka au ufundi wa simu. Kutembea na kuogelea humfaa. Mpira wa miguu na ngumi ni hatari.

2. Dawa
Tiba ni kudungwa mshipani protini iliyopungua. Ni dawa ghali, na nyingi katika nchi kama yetu hupatikana kwa msaada kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani. Muhimbili, Dar es Salaam, ipo kliniki ya maradhi haya. Vijana wengine huacha kliniki kwa kuwa hawaumwi. Wajue kwamba dawa ya kawaida ya namba 8 hupungua nusu mwilini kwa saa 12 hivi. Ya mwezi uliopita haimlindi mtu leo.

Kijana atembee na karatasi yenye jina na aina ya maradhi yake. Amwonye kila tabibu asimchome sindano ya msuli. Aepuke aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, parasetamoli inafaa. Hijama ya kuchanja, pamoja na ubora wake kwa wengine, kwake ni hatari.

3. Ndoa
Wapo wanaoficha hadi baada ya nikahi. Huko ni kumhadaa mwenzako. Ukweli wenyewe hautishi kama uvumi: mume mgonjwa hawarithishi wanawe wa kiume, ila binti zake wote hubeba chembe za urithi za maradhi. Mama mbebaji, kila mtoto wa kiume anayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuugua. Kwa hiyo maradhi hufuata upande wa mama; sisi tunaohesabu ukoo kwa mama, tuwatazame wajomba. Dada wa mgonjwa wapimwe kabla ya kuzaa, kwani nao huweza kutokwa damu nyingi. Na takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia katika ukoo, basi mama asilaumiwe wala kupewa talaka.

Dini ni nyepesi
Goti likivimba, aswali kwa kukaa, na akishindwa, kwa ubavu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza Imran bin Huswayn (R.A.). Asiyetahiriwa asipelekwe jandoni; atahiriwe hospitalini dawa ikiwa tayari, na asubiri hadi ipatikane. Allah (S.W.) ametukataza kujitia katika maangamizi (2:195).

Kiungo kikivimba: pumzisha, weka barafu juu ya kitambaa, funga bendeji, inua, kisha nenda hospitali. Akigonga kichwa, hata kama anazungumza vizuri, msingoje asubuhi.

Wabillahi tawfiq.