Je, Wajua? Kupika Githeri Nyumbani Pamoja na Mtoto
Je, wajua kwamba githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo wakazi wengi wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi huinunua kwa wachuuzi ikiwa imeiva ili kuokoa makaa, huiva nyumbani kwa muda mfupi zaidi punje zikilowekwa usiku kucha? Mtoto anaweza kuchambua mawe na kuosha punje, huku akijifunza kwamba maharagwe mekundu yana lektini, protini inayodhuru tumbo, ambayo huharibiwa yakitokota kwa angalau dakika 10. Kwa kuwa makaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na harufu, mzazi aweke jiko penye hewa ya kutosha, mbali na mtoto.